Mpukutiko

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na tangu mwaka juzi anaishi na mayeloma, saratani ya zile seli za uboho ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Ilianza kwa maumivu ya mgongo ambayo sote tuliyahesabu kuwa ya uzee, damu ikapungua, figo zikalegea, hatimaye akachomwa sindano ya nyonga kuchukuliwa uboho na ugonjwa ukapata jina. Kila usiku anameza thalidomidi, na mara moja kwa wiki humeza deksamethasoni, dawa inayomnyima usingizi kiasi kwamba hukesha akisahihisha kwa kalamu nyekundu magazeti aliyokwisha kuyasoma. Mwezi uliopita binti yake alinitumia ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu za watu: "Wachina wamepata protini inayoiamuru saratani ijiue. Kaka, wewe uko maabara, hili ni kweli?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara, na kwa kawaida huhusu majani ya mstafeli au limau lililochemshwa, nami huujibu kwa maneno machache ya heshima. Huu sikuweza kuujibu hivyo, kwa sababu chini ya chumvi iliyotiwa mlikuwa na ukweli. Protini hiyo ipo, imejaribiwa kwa watu, ilipata kibali nchini China mwezi Novemba 2023, na kibali chenyewe ni cha ugonjwa uleule wa mjomba. Lakini nyuma yake kuna miongo kadhaa ya protini za ukoo wake ambazo ziliua saratani katika kisahani cha maabara kwa wepesi wa kushangaza, kisha zilipoingia mwilini mwa watu, ama hazikufanya kitu, ama zilifanya lisilotakiwa. Nilimjibu dada yangu huyo kwamba jambo hili haliandikiki kwa kidole gumba ndani ya daladala, na kwamba Jumapili ningekwenda kuzungumza na mzee mwenyewe.

Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa patholojia. Kinyama kikishakatwa mwilini mwa mgonjwa huletwa kwetu ndani ya fomalini. Tunakipitisha kwenye alkoholi, tunakizamisha katika nta, kisha tunakikata kwa mashine kuwa utepe wenye unene wa mikromita 3 au 4, unaoelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa kabla ya kunaswa kwa kioo. Rangi mbili hufuata: hematoksilini, inayovipaka viini vya seli zambarau iliyokoza, na eosini, inayoupa mwili wa seli uwaridi. Mwenye kusoma slaidi na kutoa majibu ni daktari wa patholojia, lakini anayeitengeneza slaidi naye ana macho, na baada ya miaka kadhaa macho hayo huzoea kuitambua seli iliyokufa kati ya seli hai. Inakuwa imenywea, imejitenga na jirani zake, mwili wake ni wa waridi kali kuliko kawaida, na kiini chake kimevunjika vipande vya duara, vyeusi, mithili ya punje za ulezi zilizomwagwa katika kisahani cha kahawa.

Slaidi iliyonifundisha zaidi ni ya taya la mtoto, slaidi ya kufundishia isiyo na jina wala tarehe, yenye limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi waliovimba taya, na tangu hapo picha yake ya hadubini hufananishwa na anga la nyota. Anga lenyewe ni seli za saratani, zambarau nzito, zimebanana bila nafasi. Nyota ni zile sehemu nyeupe zilizotawanyika humo, na kila nyota ukiisogelea unakuta ni makrofaji, seli yenye kazi ya usafi, ambayo tumboni mwake mmejaa mabaki ya seli za saratani zilizokufa. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote, na hapohapo inakufa kwa maelfu bila dawa yoyote kuigusa. Seli zake hazijasahau kufa. Zinachofanya ni kuzaliana kwa kasi kuliko zinavyokufa. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu angefikiria kutengeneza dawa ya kuisukuma seli ya saratani ifuate njia ambayo tayari inaijua.

Jumapili nilimkuta mjomba barazani, redio pembeni na blanketi magotini ingawa lilikuwa joto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Binti yangu ameniambia unakuja kunieleza habari za seli kujiua. Kaa. Kabla hujaanza, hilo neno nani amelileta?"

Nilimwambia kuwa ndivyo linavyoandikwa kila mahali, magazetini na mitandaoni, na kwamba wanasayansi wenyewe hutumia neno apoptosisi. Akataka kujua asili yake. Kwa bahati hilo nilikuwa nalijua, kwa kuwa ni katika hadithi ninazozipenda za fani yetu. Katika miaka ya 1960 mwanapatholojia wa Australia, John Kerr, alikuwa akichunguza maini ya panya ambayo sehemu ya damu yake ilikuwa imezuiwa, akaona seli zikifa kwa namna isiyo ya kuoza wala kupasuka: zilinywea na kugawanyika kimyakimya, na jirani zake hazikupata hata uvimbe. Mwaka 1971 alikwenda Aberdeen, Uskoti, akafanya kazi na Alastair Currie pamoja na mwanafunzi wake, Andrew Wyllie, na mwaka 1972 watatu hao walichapisha makala iliyosema kwamba kifo hicho ni sehemu ya maisha ya kawaida ya mwili, kama kuzaliwa kwa seli kulivyo. Jina walipewa na James Cormack, profesa wa Kigiriki katika chuo kikuu cha hapo, aliyewapa neno la kale linaloelezea majani yanavyodondoka kutoka mtini.

Mjomba alinyamaza kidogo, akatazama mwembe wa jirani. "Sasa jani likikauka likaanguka, Mswahili amewahi kusema limejiua? Limepukutika. Mgiriki amesema kweli, na ninyi mmeiharibu njiani." Akachukua daftari lake, akaandika neno *mpukutiko* na kulipigia mstari chini. Kuanzia hapo katika mazungumzo yetu hatukutumia lingine, nami hapa nitamfuata, kwa sababu nadhani lina usahihi kuliko kujiua. Anayejiua ana nia na huzuni. Seli inayopukutika inatekeleza utaratibu uliokuwa ndani yake tangu mwanzo. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni ambao watafiti waliufuatilia seli kwa seli: katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090, na 131 kati ya hizo hupukutika, zilezile, kwa saa zilezile, katika kila mnyoo. Kazi hiyo iliwapa Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Milango inayoongoza kwenye mpukutiko ni miwili. Mmoja uko ndani: seli ikiharibika vibaya, hasa katika DNA yake, mitokondria, vile vyumba vidogo vinavyoizalishia seli nishati, hutoboka na kumwaga kilichomo, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huamka na kuanza kuikatakata seli kutoka ndani kwa mpangilio. Kemo na mionzi nyingi hupitia mlango huo, na mlinzi wake mkuu ni protini iitwayo p53, ambayo kwa bahati mbaya imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Mlango wa pili uko nje, juu ya ngozi ya seli, na ni wa vipokezi. Protini fulani ikija kutoka nje na kuvishika vipokezi hivyo, kaspasi huamka palepale bila kuingoja p53 itoe ruhusa. Mwenye saratani iliyokwisha kujifunza kuidharau kemo, kwa hesabu hiyo, angeweza kutibiwa kupitia mlango ambao saratani yake haijaufunga. Hilo ndilo wazo zima, na sijui mtu aliyelisikia mara ya kwanza asiliunge mkono.

Protini ya kwanza ya ukoo huu kujulikana ilikuwa TNF. Mizizi yake ni mirefu, kwa kuwa tangu mwaka 1891 William Coley, daktari mpasuaji wa New York, alikuwa akiwadunga wagonjwa wa saratani bakteria ili homa iyeyushe uvimbe, na mara chache uvimbe uliyeyuka kweli. Mwaka 1975 watafiti wa mji huohuo waliitambua protini inayotolewa na mwili wakati wa maambukizi ya aina hiyo, na mwaka 1984 jeni lake likapatikana, hivyo ikawezekana kuitengeneza kwa wingi. Walipoidunga kwa wagonjwa, shinikizo la damu liliporomoka, homa ikapanda, na ikaonekana kuwa ni protini ileile inayoukondesha mwili wa mtu mwenye maradhi ya muda mrefu. Haikutupwa kabisa. Mwaka 1999 Ulaya iliiruhusu kwa matumizi ya aina moja tu: mguu au mkono wenye sakoma, saratani ya tishu laini kama misuli, hutengwa na mwili kwa kuzungushiwa damu yake peke yake kwa mashine, TNF ikamiminwa humo pamoja na dawa ya kemo, kisha damu hiyo husafishwa kabla ya kiungo kurudishiwa mzunguko wake wa kawaida. Kwa njia hiyo watu wameokolewa na kukatwa miguu. Inafanya kazi, maadamu isiguse sehemu nyingine ya mwili.

Ya pili ilitisha zaidi. Mwaka 1989 watafiti wa Japani na wa Ujerumani, kila kundi kwa njia yake, walipata kingamwili zinazoua seli kwa kushika kipokezi ambacho leo kinaitwa Fas. Mwaka 1993 kundi la Shigekazu Nagata, Osaka, liliwadunga panya kingamwili ya aina hiyo. Panya walikufa ndani ya saa chache, na maini yao yalikuwa yamepukutika karibu yote. Seli za ini zina Fas kwa wingi, na dawa haikuwa na namna ya kutofautisha ini na saratani. Nilipofika hapa mjomba aliinua mkono kama anayemsimamisha mwanafunzi aliyekimbia mbele ya darasa. "Basi kumbe shida si kuua," akasema. Ndivyo; kuua ndiyo sehemu nyepesi, na maini haya yatarudi tena katika hadithi hii kila watu wanapodhani wameyakwepa.

Ndipo ilipokuja TRAIL. Iligunduliwa mwaka 1995 na kampuni ya Immunex ya Seattle, na mwaka uliofuata wanasayansi wa Genentech waliitangaza kwa jina jingine. Vipokezi vyake vya kuua ni viwili, DR4 na DR5. Mwaka 1999 makundi hayo mawili yalionyesha kwamba protini hii inaua uvimbe wa binadamu uliopandikizwa kwa panya huku panya wenyewe wakibaki wazima, jambo ambalo TNF na Fas hazikuwahi kulifanya.

Umbo lake linastahili kutazamwa kwa karibu, maana matatizo yote yaliyofuata yalianzia humo. TRAIL haifanyi kazi ikiwa molekuli moja. Hukaa tatutatu, zikiegemeana kama mafiga, na katikati ya mafiga hayo kuna atomu moja ya zinki inayoyashikilia yasiachane. Vipokezi navyo lazima vikusanywe vitatuvitatu, na ikiwezekana vikundi hivyo vikusanyike pamoja katika eneo moja la ngozi ya seli, ndipo mikia yake ya ndani iweze kubeba kaspasi ya kwanza na kuiamsha. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na sidhani kama yupo aliyepata kuieleza kanuni ya kipokezi cha mauti kwa maneno machache zaidi.

Mwaka 2000 ilitoka makala iliyosema TRAIL inaua pia seli za ini za binadamu zikiwa katika kisahani, na kwa muda watu wengi walifikiri ni Fas imerudi. Baadaye ilidhihirika kwamba protini iliyotumika ilikuwa imeongezewa kimkia cha histidini, kinachowekwa maabara ili kurahisisha kuisafisha, na kwamba protini za namna hiyo hushikamana hovyo na kuwa na zinki pungufu. Ile isiyo na mkia haikuyadhuru maini kwa kiasi hicho. Nawaeleza vijana wanaokuja mafunzoni kisa hiki kila mara wanapouliza kwa nini nagombana nao juu ya mambo madogo ya utayarishaji wa sampuli.

Protini isiyo na mkia ilipewa jina dulanermini ikapelekwa kwa wagonjwa. Katika jaribio la awali lenye watu 71 ilivumilika vizuri, ila nusu yake iliondoka katika damu kati ya nusu saa na saa moja hivi, figo zikiwa zimeichuja kama taka nyingine. Fikiria fundi aliyeitwa kubomoa ukuta anayefukuzwa kabla hajashusha nyundo begani. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2011, liliwachukua wagonjwa 213 wa saratani ya mapafu, baadhi wakapewa dawa za kawaida na baadhi wakaongezewa dulanermini, na walioongezewa hawakufaidika kwa lolote. Katika limfoma mambo yalikuwa hayohayo. Kitu kimoja tu kiliwabakia watu kichwani: miongoni mwa wale 71 wa mwanzo walikuwamo wagonjwa wawili wa kondrosakoma, saratani ya gegedu ambayo kemo haiiwezi, na uvimbe wao ulinywea na kubaki umenywea kwa muda mrefu.

Wengine walikuwa wameamua kuachana na TRAIL yenyewe na kutumia kingamwili za kuishika DR4 au DR5, kwa sababu kingamwili hudumu mwilini kwa wiki, si dakika. Zilitengenezwa nyingi, na majina yake, mapatumumabu, leksatumumabu, konatumumabu, tigatuzumabu, leo ni kama orodha ya wanafunzi waliohama shule. Kingamwili ina mikono miwili. Vipokezi vinataka vitatu. Katika kisahani mtafiti huongeza kingamwili ya pili inayozifunga za kwanza pamoja, na mauaji yanatokea vizuri sana. Mwilini mwa mgonjwa hakuna wa kumwongezea, na kazi hiyo ya kufunga huachiwa seli za kinga zitakazotokea kupita karibu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo matumaini ya miaka mingi yalipopotelea. Si kwamba watafiti walidanganywa na kisahani, bali kisahani kiliwapa msaada ambao mwili haukuwa nao.

Hapo wakaja na mikono minne. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels walikuwa wamegundua kwamba damu ya ngamia ina kingamwili za aina ya pekee, nyepesi kuliko zetu kwa kuwa zimekosa nusu ya minyororo ya kawaida, na kwamba kichwa chake kidogo kinaweza kukatwa na kuunganishwa na vingine kama shanga. (Mjomba, aliyefundisha miaka minne Dodoma na kuiona misafara ya ngamia, alifurahi mno kusikia kwamba mnyama huyo amepata nafasi katika hospitali.) Dawa iliyoitwa TAS266 iliunganisha vichwa vinne vya aina hiyo dhidi ya DR5, na sasa vipokezi vikakusanyika kweli, bila kungoja msaada. Wagonjwa wanne wa kwanza walipodungwa, watatu kati yao vimeng'enya vya ini vilipanda katika damu kwa kiwango cha hatari. Jaribio lilifungwa, na maini yao yakapona dawa iliposimamishwa. Iliyokuwa dhaifu haikuua saratani, na iliyopata nguvu ya kuua ilielekea kwenye ini.

Na saratani nazo hazikukaa zikingoja. Zipo zinazoviondoa vipokezi juu ya ngozi yake na kuvificha ndani, zipo zinazojaza njiani protini zinazofanana na kaspasi bila kuwa na makali yake, na zipo ambazo amri ya kufa ikizifikia huitafsiri kuwa amri ya kutambaa na kuenea. Hili la mwisho lilimkera mjomba kuliko yote. Alisema linamkumbusha wanafunzi fulani.

Hata hivyo mstari haujakatika. Wale wagonjwa wawili wa kondrosakoma hawakusahaulika, na Oktoba 2025 kampuni ya Inhibrx ya Marekani ilitangaza matokeo ya dawa yake ya mikono minne dhidi ya DR5, ozekibati, katika saratani hiyohiyo: kwa mgonjwa wa katikati ugonjwa ulikaa miezi 5.52 kabla ya kusonga mbele, ukilinganisha na miezi 2.66 kwa waliopewa dawa isiyo na kitu. Ini, kama kawaida, linafuatiliwa kwa karibu.

Na ipo ile ya China, ambayo ndiyo iliyonipeleka barazani kwa mjomba. Inaitwa aponermini. Ni TRAIL iliyopangwa upya: ncha zake mbili za asili zimeunganishwa na mnyororo ukafunguliwa mahali pengine, hivyo mwanzo na mwisho vimehamishwa lakini mafiga matatu yamebaki. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 417 wa mayeloma ambao walikuwa wamekwisha kupewa angalau matibabu mawili ya awali yakashindwa kuuzuia ugonjwa. Wote walipewa thalidomidi na deksamethasoni, na theluthi mbili wakaongezewa aponermini. Nilimwonyesha mjomba mahali hapo kwa kidole, kwa sababu kundi la kulinganishia lilikuwa likimeza vidonge vilevile vilivyokuwa juu ya kabati lake la vyombo.

"Soma tarakimu," akasema.

Nikasoma. Ugonjwa ulikaa bila kusonga miezi 5.5 kwa walioongezewa, miezi 3.1 kwa wasioongezewa. Uhai, 22.4 dhidi ya 16.4. Walioitikia dawa ni asilimia 30.4 dhidi ya 13.7. Aliandika zote katika daftari, akatoa, akapata miezi miwili na siku kumi na mbili kwa ya kwanza, na miezi sita kamili kwa ya pili. Kisha akauliza swali ambalo madaktari wachache huulizwa: hiyo miezi ni ya wastani, au ni ya mtu gani? Nilimweleza kuwa ni ya mtu wa katikati, yaani ukiwapanga wagonjwa kwenye mstari kuanzia aliyekaa muda mfupi hadi aliyekaa muda mrefu, ni yule aliyesimama katikati. Nyuma yake wapo waliopata wiki chache, na mbele yake wapo ambao mwisho wao haukuwa umefika jaribio lilipofungwa. Akasema kwamba basi ujumbe wa binti yake ulipaswa kuandikwa: Wachina wamepata protini ambayo, ikiongezwa kwenye vidonge vya baba, watu watatu katika kumi huiitikia badala ya mmoja na kitu. Nikakubali kwamba hivyo ndivyo ulivyopaswa kuandikwa, na kwamba ukiandikwa hivyo hakuna mtu angeusambaza.

Sikumficha mengine. Hospitali anayotibiwa haina dawa hiyo, na yeye bado yuko katika matibabu yake ya kwanza, ambayo kwa sasa yanamshikilia, kwa hiyo hata angekuwa mgonjwa wa huko, hiyo isingekuwa zamu yake. Vidonge vyake vikichoka, daktari ametaja bortezomibu, sindano ya chini ya ngozi ambayo nayo huipeleka seli ya mayeloma kwenye mpukutiko, ingawa kupitia mlango wa ndani, kwa kuiachia protini zake chakavu zijazane hadi ishindwe kupumua. Aliniuliza kama katika jaribio lile la China ini liliguswa. Nikamwambia ndiyo, vimeng'enya vya ini vilipanda kwa wengi waliopewa aponermini kuliko wenzao, mara nyingi kidogo na kwa muda. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa ameshalijua jibu.

Jumanne ana kliniki. Nyuma ya karatasi ya majibu yake ya figo ameandika maswali matatu ya kumwuliza daktari, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala upande mmoja. La kwanza ni kama mbali na figo anapimwa pia ini, na lini lilipimwa mara ya mwisho. La pili ni kama bortezomibu inalipiwa na bima au ni ya mfukoni. La tatu ni kama daktari angekubali kuandika neno mpukutiko katika faili lake.